Trek, Giant au Gazelle: uchambuzi wa ununuzi wa baiskeli moja ya haibridi ya mtumba mjini Iringa

Usuli

Mnunuzi katika kisa hiki ni mwalimu wa kike wa shule ya sekondari mjini Iringa. Jina lake, shule yake, kijiji lilipo shamba lake na majina ya wauzaji vimeachwa kwa makusudi, na bei zimekadiriwa hadi elfu tano iliyo karibu. Anaishi Ipogolo, bondeni kando ya Mto Ruaha Mdogo, na kazi yake iko juu mjini, hivyo kila asubuhi hupanda na kila jioni hushuka ule mlima ambao yeyote aliyewahi kuingia Iringa kwa basi anaufahamu. Jumamosi huenda shambani kwa njia ya changarawe ambayo kati ya Desemba na Aprili hugeuka tope jekundu linalonata kwenye kila kitu.

Alipoamua kuachana na nauli za kila siku alitaka baiskeli ya haibridi, yaani ile yenye usukani ulionyooka kama wa baiskeli za milimani, magurudumu makubwa kama ya baiskeli za mbio, na gia za kutosha kumpandisha mlima akiwa ameketi. Bajeti yake ilikuwa shilingi 400,000 kwa kila kitu. Watu wawili walikuwa wamekwisha kumshauri kabla hajanifikia. Mwalimu mwenzake alimwambia atafute Trek na asihangaike na nyingine. Mume wake alimwambia anunue baiskeli mpya ya Kichina ya milimani dukani, kwa shilingi 280,000, aachane na mitumba. Mimi niliombwa kwenda naye kukagua kwa kuwa natengeneza baiskeli, na sikuwa na maslahi kwa muuzaji yeyote.

Baiskeli zilizoshindanishwa

Ya kwanza ilikuwa Trek 7.2 FX iliyoachwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi. Ilitangazwa kwa shilingi 450,000, ikashuka hadi 400,000. Ya pili ilikuwa Giant Escape R3 iliyoingia na kontena la mitumba kutoka Japani, ikiwa bado na kibandiko cha usajili chenye maandishi ya Kijapani kwenye fremu, mikononi mwa mfanyabiashara wa Mlandege, mtaa wa Iringa mjini, aliyetaka shilingi 350,000. Ya tatu ilikuwa Gazelle ya Uholanzi, yenye taa, madigadi, keria na gia nane zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, kwa shilingi 300,000. Ya nne ni ile ya mume, mpya, yenye jina ambalo hakuna aliyelikumbuka siku iliyofuata.

Kwa historia, majina yale matatu hayana ugomvi. Gazelle imekuwepo tangu 1892, Giant ilianzishwa Taiwan mwaka 1972, na Trek ilianzia Wisconsin, Marekani, mwaka 1976. Lakini tangu mapema mazungumzo yalikuwa yameelekea kwenye swali la jina gani ni bora kuliko jingine, na swali hilo lina udhaifu: Giant kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza baiskeli zinazouzwa kwa majina ya kampuni nyingine, Schwinn ya Marekani ikiwa mojawapo katika miaka ya 1980, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye fremu halisemi kila mara fremu imechomelewa kiwanda gani. Tena Trek 7.2 FX na Escape R3, katika matoleo mengi ya miaka yake, zina viungo vinavyofanana karibu kila kimoja: meno 48, 38 na 28 mbele, sproketi nane za meno 11 hadi 32 nyuma, na breki za V zinazobana ukuta wa rimu. Mtu akizifunika maandishi, tofauti anayoiona kwanza ni rangi na upana wa tairi.

Ukaguzi

Tulianza na Trek, kwa sababu ndiyo aliyoitaka. Fremu ilikuwa safi, bila ufa wala rangi iliyojikunja karibu na shingo, mahali ambapo alumini iliyogongwa huonyesha dalili mapema. Bomba la kiti lilitoka lilipovutwa, jambo ambalo si dogo: bomba lililogandia ndani ya fremu kwa kutu huweza kuimaliza baiskeli nzima. Shida ilikuwa kwenye cheni. Pingili 12 kamili za cheni mpya hupimwa milimita 304.8 kutoka pini hadi pini. Tulipoweka futi ya fundi cherehani juu ya cheni ile, pini ya mwisho iliangukia kwenye 308. Hapo cheni imekwisha kupita asilimia moja ya kurefuka, na kwa kawaida inakuwa imekwisha kula meno ya sproketi pia. Tulipoyatazama kwa karibu, meno ya sproketi mbili alizozitumia sana mwenye nayo yalikuwa yamechongoka kama mapezi ya papa.

Cheni yenyewe ingepatikana, kwani ile ya baiskeli ya gia sita au saba hufanya kazi pia kwenye gia nane. Kaseti, yaani fungu la sproketi nane linalochomekwa kwenye habu ya nyuma, ndiyo haikuwepo katika duka lolote tulilopita. Kilichojaa madukani ni friwili za gia sita na saba zinazofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu, na hizo haziwezi kuvaa kwenye habu ya kaseti hata kwa nguvu. Juu ya hayo, fremu ilikuwa ya inchi 20. Mwalimu si mrefu. Alipoisimamia, nyayo zake hazikutua chini zote mbili.

Gazelle ilitushangaza kwa uzuri. Gia zake ziko ndani, tope haliwezi kuzifikia, cheni yake ni moja iliyonyooka isiyopinda huku na huko, na madigadi yake ni ya mtu anayekwenda kazini na sketi. Angeishi na kufanya kazi huko huko juu mjini, ningemwambia aichukue siku ile ile. Mambo mawili yaliniondoa kwake. La kwanza ni upeo wa gia: habu ile ya Nexus ya gia nane, ya kampuni ya vipuri ya Shimano, ina tofauti ya mara tatu na kidogo kati ya gia nyepesi na nzito, wakati mfumo wa Trek na Giant unakaribia mara tano, na baiskeli yenyewe ni nzito, hivyo asubuhi Mwalimu angepanda na mzigo zaidi na msaada pungufu. La pili lilinitia wasiwasi zaidi. Breki zake ni za rola zilizo ndani ya habu, aina inayojulikana kupata joto na kulegea kwenye mteremko mrefu, ndiyo maana Shimano wenyewe huzipachikia sahani ya kupozea. Uholanzi ni tambarare. Kushuka kwenda Ipogolo jioni, huku malori yakikufuata nyuma, ni habari nyingine. Hata kubadilisha tyubu au tairi la nyuma kungemtaka fundi afungue waya wa gia na mkono wa breki, na fundi wa kando ya barabara niliyemwonyesha alicheka akarudisha spana mfukoni.

Giant ilikuwa na kasoro moja iliyoonekana na moja iliyojificha. Iliyoonekana ni sikio la deraila, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Ukichuchumaa nyuma ya baiskeli na kutazama kwa jicho moja, gurudumu na deraila vinapaswa kusimama sambamba. Hapa deraila ilikuwa imeinamia spoku, bila shaka kwa kubanwa ndani ya kontena. Katika hali hiyo, mtu akiweka gia nyepesi kabisa mlimani, deraila inaweza kuingia kwenye spoku na kung'oa kila kitu. Cheni ilipimwa milimita 306, yaani ilikuwa na maisha mbele yake. Ukuta wa rimu haukuwa na shimo la kuchongwa na breki. Habu zilizunguka bila kukwaruza, na ukubwa wa fremu ulimfaa. Kasoro iliyojificha nitaieleza mahali pake.

Tulimtaka muuzaji atupe nafasi ya kuijaribu kwenye kilima, si kwenye uwanja wa mbele ya duka lake. Alisita, kisha akakubali baada ya Mwalimu kumwachia simu yake kama dhamana.

Uamuzi na sababu zake

Mwalimu alichagua Giant. Sababu aliyoitanguliza ni kwamba ilimkaa mwilini, na nadhani alikuwa sahihi kuitanguliza, kwa kuwa fremu isiyokuenea haina dawa. Sababu ya pili ni breki: pedi za breki za V ni zile zile zinazotumiwa na baiskeli za Kichina za milimani, na kila duka la vipuri Mlandege linazo. Ya tatu ni sikio lililopinda, ambalo badala ya kumfukuza lilimpa silaha ya bei. Nilimwambia muuzaji kwamba alumini iliyopinda ikinyooshwa mara moja inaweza kustahimili na ikinyooshwa mara ya pili huweza kukatika, kwa hiyo mnunuzi anabeba hatari ambayo lazima ionekane kwenye bei.

"Mwalimu, mimi nakupa mia tatu, lakini usimwambie mtu," muuzaji alisema hatimaye. Sikio lilinyooshwa pale pale, taratibu, na Mwalimu akaagiza jipya kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 25,000 kama akiba. Kuagiza kuliwezekana kwa sababu moja tu: baiskeli ilikuwa na jina na toleo linalofahamika, na sikio hutofautiana kutoka toleo moja hadi jingine.

Kabla ya fedha kubadilisha mikono, waliandika hati ya mauziano yenye namba iliyogongwa chini ya fremu, mahali krenki zinapopita, na mashahidi wawili wakasaini. Baiskeli ya mtumba haina kadi kama pikipiki, na namba ile ndiyo kitu pekee kitakachokutetea siku mtu akisema ni yake.

Yaliyofuata

Miezi ya kiangazi ilipita bila tatizo. Mlima wa Ipogolo alikuwa akiupanda kwa meno 28 mbele na 32 nyuma, ambapo mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli chini ya mita mbili, mwendo wa polepole lakini wa kuketi. Pedi za breki ziliisha haraka mvua zilipoanza, kama ilivyotarajiwa, na kila mara alizipata kwa bei ya chipsi na soda.

Kisha jiwe la changarawe lilikata ubavu wa tairi la nyuma. Tairi la awali lilikuwa limeandikwa 700 x 28C. Mwalimu alikwenda dukani peke yake, akaonyesha namba ile, na muuza duka akampa tairi lililoandikwa 28 x 1½. Alipouliza kama ni lenyewe aliambiwa: "Ishirini na nane ni ishirini na nane, dada. Fundi atalivuta litakaa."

Halikukaa. Katika maandishi ya kwanza 28 ni upana wa tairi kwa milimita. Katika ya pili ni kipimo cha zamani cha gurudumu zima kwa inchi, kile cha baiskeli kubwa nyeusi za aina ya Phoenix. Kipimo kinachoamua ni kingine, nacho huandikwa kwa herufi ndogo ubavuni: rimu ya haibridi ni milimita 622, ya Phoenix ni 635. Tofauti ya milimita 13 hutosha kulifanya tairi livae kwa urahisi hata bila chuma cha kutolea, jambo ambalo fundi alilichukulia kama bahati. Alipofikisha upepo wa kutosha, upande mmoja wa tairi ulipanda juu ya ukingo wa rimu, tyubu ikachomoza kama puto na kupasuka mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu yao.

Katika duka la pili alipewa tairi la mtumba lililoandikwa 27 x 1⅜, lililotoka kwenye baiskeli za akina mama za Kijapani. Hilo ni 630, nalo pia halifai. Alinipigia simu akiwa ameshalishika mkononi, nikamwomba alipanguse tope na kunisomea namba ndogo zenye kistari katikati, na hapo biashara ikaishia.

Tyubu nayo ilileta kasoro ile iliyojificha. Rimu ya Giant ilitobolewa kwa ajili ya valvu nyembamba ya Kifaransa, tundu la milimita 6 na nusu hivi, na tyubu zote za Iringa tulizoziona zina valvu nene kama ya gari au ile ya Phoenix, zinazohitaji takriban milimita 8 au zaidi. Fundi wa kuchomelea alilipanua tundu kwa drili, akalipiga tupa kingo zake zisikate mpira, na tangu hapo tyubu yoyote ya kipenyo hicho inaingia, pampu yoyote inajaza. Kwa rimu ya upana ule ni kazi salama. Kwa rimu nyembamba za mbio nisingeshauri.

Matairi mawili ya 700 x 32C na tyubu zake yaliletwa na basi kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 80,000 pamoja na usafirishaji. Yaliingia, lakini nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu nyuma ya krenki haipitishi kidole. Juu ya lami si tatizo. Kwenye tope jekundu la Jumamosi, udongo hujaa pale mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na Mwalimu analazimika kusimama na kuchokonoa kwa kijiti. Katika wiki za mvua kubwa ameamua kwenda shambani kwa bodaboda.

Uchambuzi

Nikipiga hesabu, baiskeli ya shilingi 300,000 imemgharimu 455,000: sikio la akiba 25,000, keria na madigadi 30,000, tairi na tyubu zilizopotea 20,000, na mzigo wa Dar es Salaam 80,000. Bajeti imevukwa, na imevukwa kwa mpira. Hakuna hata shilingi moja iliyotumika kurekebisha kitu ambacho jina la Giant lingeweza kulaumiwa au kusifiwa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema jina ni mapambo tu. Jina lilisaidia mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kwa kuwa taarifa za matoleo ya Trek, Giant na Gazelle hupatikana mtandaoni hata miaka mingi baadaye, tuliweza kujua kila baiskeli ilitoka kiwandani na nini, na hivyo kugundua kwamba gurudumu la mbele la Trek lilikuwa limebadilishwa na muuzaji hakutaja. Tuliweza pia kuagiza sikio sahihi. Baiskeli isiyo na jina haina kumbukumbu. Ikivunjika kipande cha pekee, unatafuta kwa kubahatisha. Lakini faida hii ni ya majina yote yanayojulikana, haiipi Trek nafasi juu ya Giant. Vivyo hivyo dhamana ya fremu ambayo mwalimu mwenzake aliisifia: dhamana za namna hiyo kwa kawaida humlenga mnunuzi wa kwanza mwenye risiti, na mtu wa tatu aliyenunua Iringa hana cha kudai.

Kilichofanya kazi vizuri ni mpangilio wa ukaguzi: ukubwa wa fremu kwanza, kisha vitu visivyotengenezeka, kisha vinavyochakaa, na kila kinachochakaa kikaulizwa kama kipo madukani mjini. Kwa cheni, kaseti na breki swali hilo lilijibiwa kabla ya kununua, na ndilo lililoiondoa Trek hata pasipo suala la urefu. Kwa matairi halikuulizwa. Matairi ya Giant siku ile yalikuwa yana meno mazuri, na kitu kizuri huponyoka kwenye ukaguzi. Lau namba 622 ingepelekwa madukani asubuhi ile, ingeonekana kwamba haipo, na shilingi 80,000 zingeingizwa kwenye mazungumzo ya bei pamoja na sikio.

Nafasi ya tope nayo ilipaswa kupimwa. Hapa ndipo Trek ingekuwa na hoja, kwa sababu 7.2 FX iliuzwa ikiwa na matairi ya 35, na fremu iliyochorwa kwa tairi pana huacha nafasi zaidi. Kwa mnunuzi mrefu kuliko Mwalimu, mwenye shamba la udongo kama ule, ningeipendekeza Trek pamoja na kaseti yake iliyokwisha, akiagiza mpya siku hiyo hiyo.

Na pendekezo la mume? Tulilipita haraka kupita kiasi. Baiskeli ya Kichina ya milimani ina matairi ya 26 x 1.95 yanayopatikana hata magulioni, na nafasi tele ya tope. Kwa njia ya Jumamosi inazishinda zote tatu. Tuliiacha kwa sababu safari nyingi za Mwalimu ni za lami, na kwa sababu friwili yake ya kuzungushwa huiacha ekseli ya nyuma ikiwa na urefu mkubwa usioegemezwa, ambao hupinda au kukatika chini ya mzigo. Mafundi wa Ipogolo hubadilisha ekseli hizo mara kwa mara. Bado nadhani sababu ya kwanza ilitosha, lakini ilitosha kwa kiasi kidogo kuliko tulivyojiaminisha siku ile.

Kuhusu matairi yajayo, Mwalimu amekubaliana na mfanyabiashara yule yule wa Mlandege. Kontena likifika, baiskeli zilizovunjika fremu hutolewa matairi na kuuzwa kwa mafungu, na zamani yalipangwa kwa kutazama tu. Sasa yenye 622 ubavuni, ya upana usiozidi 32, huwekwa kando na kuandikwa kwa chaki, shilingi 15,000 kila moja.